Lugha ya Kupachika

Mtangazaji wa mpira akisema mshambuliaji amepachika bao, msikilizaji anauona mpira umetua palipokuwa na nafasi. Mwindaji naye hupachika mshale kwenye upote wa upinde. Kitenzi hicho ndicho ninachokitaka kwa lugha za kompyuta zinazotiwa ndani ya programu kubwa ili watu waiongoze programu hiyo bila kuifumua.

Pandikiza lipo karibu, ila halifai. Figo iliyopandikizwa huota mwilini. Kuitoa ni kujeruhi. Lugha ninayoizungumzia ni mgeni, na mgeni huja na kuondoka.

Mfano bora ni Lua, iliyozaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazili, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Jina lake ni mwezi kwa Kireno. Mojawapo ya lugha zilizoitangulia iliitwa SOL, yaani jua. Miongoni mwa watumiaji wa kwanza wa Lua walikuwamo wahandisi wa kampuni ya mafuta ya Petrobras, watu wasio wanaprogramu, na ndiyo maana orodha zake huhesabu kuanzia 1, kama tuhesabuvyo sote.

Uzuri wake umo katika adabu ya ugeni. Mwenyeji, yaani ile programu kubwa, asipoifungulia maktaba za faili, skripti ya Lua haigusi faili hata moja. Hata thamani, mwenyeji na mgeni hawapokezani mkono kwa mkono: huwekwa kwenye rundo, mmoja akiweka juu, mwingine akichukua. Sababu mojawapo ni kwamba mwenyeji aliyeandikwa kwa C husafisha kumbukumbu yake mwenyewe, ilhali Lua huzoa taka zake bila kuambiwa. Bila rundo hilo, mmoja angetupa kitu ambacho mwenzake bado anakitumia.

Sasa umbo la istilahi. Tunasema kiti cha kukunja hata kikiwa kimekunjuliwa, kwa kuwa tunataja kilivyoundwa. Basi na tuseme lugha ya kupachika. Pachikwa tuliachie tukio: Lua imepachikwa ndani ya hifadhidata ya Redis, ndani ya mchezo wa World of Warcraft, na tangu 2013 ndani ya Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili. Mahali pote hapo imepachikwa, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa ya kupachika.