Ua la Usambara na nyuki wake

Liangalie kwa karibu ua hili la zambarau, lenye majani yenye vinyweleo laini. Halina mbochi. Vifuko viwili vya manjano katikati vimebana chavua, na upenyo wake ni mdogo mno. Nyuki huvikumbatia, hutuliza mbawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua hadi chavua imrukie tumboni. Ukiwa kimya utasikia mvumo ukipanda ghafla. Katika Milima ya Taita, Kenya, jamaa ya ua hili huchavushwa na nyuki wa jenasi ya Amegilla.

Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa Usambara, katika Tanzania ya leo, alilipeleka ua hili kwao Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Madirishani Ulaya hustawishwa kwa vipandikizi vya majani. Porini, pasipo nyuki hakuna mbegu. Tafadhali usilichume.