Fidla Isiyo na Mwenzake

Kaseti yangu ya kwanza ya Sonata ya Fidla Pekee ya Béla Bartók niliisikiliza kwa miaka mingi nikiamini naijua kazi hiyo. Kumbe nilikuwa naijua nusu.

Bartók, Mhungari, alihamia Marekani mwaka 1940 kwa kuuchukia ufashisti. Kufikia 1943 alikuwa mgonjwa na mfuko wake mtupu. Novemba mwaka huo, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, alimsikia Yehudi Menuhin akipiga sonata ya C meja ya Johann Sebastian Bach, moja ya kazi sita za fidla tupu ambazo Bach alizinakili kwa mkono wake mwaka 1720. Hakuna piano, hakuna msaidizi. Menuhin akamwomba naye amtungie kazi. Machi 1944, huko Asheville, North Carolina, ikawa tayari.

Sehemu ya kwanza inafuata mwendo wa chakona, ngoma ya kale ambayo Bach alifungia nayo partita yake ya D maina. Ya pili ni fuga: sauti moja inatangulia, nyingine inaifuata nyuma kwa wimbo ule ule, kisha nyingine, na mpigaji ana nyuzi nne na upinde mmoja tu! Umbo ni la Bach. Ukali ule, hata hivyo, ni wa Bartók mwenyewe, kuiga hakuimo.

Lakini jambo linalonikera liko mwishoni. Katika sehemu ya nne Bartók aliandika robo toni, sauti zisizo na kibao kwenye piano, zinazovuma kama nyuki ndani ya mzinga. (Sisi tuliokulia kwenye taarabu, ambako kidole cha mpiga fidla huteleza hadi zilipo sauti za namna hiyo, hatungeshtuka.) Aliandika pia njia ya pili isiyo nazo, na Menuhin akaichagua hiyo. Chapa ya 1947, aliyoihariri yeye, haikuwa na robo toni hata moja. Zilichapishwa mwaka 1994.

Simlaumu Menuhin, ruhusa alipewa, na bila ombi lake tusingekuwa na sonata yenyewe. Ila mtunzi hakuwepo kuulizwa. Aliisikia kazi yake ikipigwa Carnegie Hall tarehe 26 Novemba 1944, na miezi kumi baadaye, tarehe 26 Septemba 1945, akafariki kwa saratani ya damu. Kaseti ile ningali nayo. Siku hizi huizima kabla ya sehemu ya nne.