Kutoka Kilimani hadi Ufukoni: Buhinyuza, Mto Ruvubu na Ugawaji wa Majukumu ya Uratibu katika Bonde la Ziwa Viktoria, 1977–2011

Buhinyuza, komini ya mkoa uliojulikana kwa jina la Muyinga katika kipindi kinachojadiliwa hapa, haina ufuko wa ziwa wala wa bahari. Ina vilima, mashamba ya mteremkoni, na jirani yake ni Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu. Mto wenye jina hilo huanzia Kayanza, hupokea maji ya Ruvyironza upande wa Gitega, hupita kusini mashariki mwa Muyinga na kuingia Tanzania, kisha karibu na Rusumo hukutana na maji yatokayo Rwanda. Kuanzia hapo ni Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Viktoria. Udongo unaochukuliwa na mvua huku kilimani na kufika mtoni, usipotuama njiani, mwisho wake ni ziwani. Hata hivyo, katika historia ya miradi ya kimataifa ya kuhifadhi fuko za ziwa hilo, watu wa kilimani walikaribishwa mezani baada ya viti vya uratibu kukwisha kugawanywa. Makala haya yanafuatilia jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tarehe 24 Agosti 1977, huko Rusumo, Burundi, Rwanda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kuunda Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ikajiunga mwaka 1981, na makao makuu yakawa Kigali. Kipimo cha uanachama kilikuwa mto. Kenya, yenye ufuko wa Ziwa Viktoria lakini isiyo na sehemu katika bonde la Kagera, haikuwamo. Shirika hilo lilishughulika zaidi na umeme, kilimo na uchukuzi kuliko hali ya ziwa, na mipango yake mingi ilibaki kwenye karatasi hadi lilipovunjwa mwaka 2004. Lakini lilikuwa limekiri jambo moja la msingi: kwamba aliye juu ya mto ana neno juu ya maji.

Mwaka 1994 kipimo kilibadilika. Tarehe 30 Juni, mjini Kisumu, Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake yaliwekwa Jinja. Tarehe 5 Agosti nchi hizohizo zilikubaliana kuandaa Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Viktoria, uliokuja kupata fedha za Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Kamati za kikanda, vikosi kazi na sekretarieti za kitaifa viligawanywa baina ya nchi tatu zenye ufuko. Burundi na Rwanda hazikupewa jukumu lolote.

Ni lazima kuwa waadilifu kwa waandaaji wa mwaka ule. Burundi ilikuwa imempoteza Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, na Aprili 1994 Rais Cyprien Ntaryamira alikufa pamoja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda katika ndege iliyotunguliwa Kigali. Serikali gani ingetuma mratibu? Baadaye, Julai 1996, majirani waliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Lakini mwaka uleule wa 1994 ndio ulioonyesha, kwa namna ambayo hakuna mtaalamu wa maji aliyeitaka, jinsi ufuko ulivyofungamana na nchi za juu. Mwezi Mei miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ilichukuliwa na Kagera hadi ziwani, na wakazi wa ufuko wa Uganda wakaiopoa na kuizika. Miezi mitatu baadaye makubaliano ya mazingira yalisainiwa bila nchi za juu. Gugumaji nalo, lililokuwa likiziba mialo na bandari tangu miaka ya mwisho ya 1980, lilikuwa likiteremka kwa mto huohuo. Mradi ulipambana nalo kwa mashine na kwa wadudu walao gugu hilo, ilhali mratibu wa ufukoni hakuwa na mwenzake rasmi huko lilikokuwa likitoka.

Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Viktoria, iliyosainiwa na nchi wanachama watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Novemba 2003, ilirudisha neno "bonde". Ikazaa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao yake Kisumu. Kwa hesabu zinazotumiwa mara nyingi, Kenya ina asilimia 6 ya eneo la ziwa na asilimia 22 ya bonde. Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa na asilimia 44 ya bonde. Burundi haina hata tone la ziwa, lakini ina asilimia 7 ya bonde. Makao ya uratibu, basi, hayakufuata ukubwa wa ziwa. Yalifuata ramani ya kisiasa ya Jumuiya: Arusha ilikuwa na sekretarieti, Jinja samaki, na Kisumu ikapata bonde.

Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya tarehe 1 Julai 2007. Awamu ya pili ya mradi iliidhinishwa mwaka 2009 kwa nchi tatu za ufukoni, na mwaka 2011 kwa hizo mbili za juu. Kuanzia hapo Burundi ilikuwa na timu yake ya kitaifa ya uratibu. Hatua hiyo haifai kubezwa. Lakini uratibu wa kikanda ulikuwa umekwisha kukaa Kisumu, na kilichobakia kwa nchi iliyochelewa kilikuwa hasa utekelezaji: mitaro ya kukinga mmomonyoko, majani ya kushika udongo, miti. Lugha nayo iliongeza umbali. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya kilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukitaja Kiswahili kama lugha ya mawasiliano mapana ya kuendelezwa. Mkulima wa kilimani husema Kirundi, na serikali yake huandika Kifaransa. Malalamiko yake yangehitaji kuvuka lugha mbili kabla ya kufika mezani, ingawa Muyinga haikosi wasemaji wa Kiswahili.

Huenda ikasemwa kwamba Burundi ilifidiwa kwingine. Mkataba wa Ziwa Tanganyika uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 ulizaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, na makao yake yakawa Bujumbura, ijapokuwa Burundi ina takriban asilimia 8 tu ya ziwa hilo. Kwa hesabu ya madola, mizani hiyo inaeleweka. Kwa hesabu ya maji haielekei, kwa kuwa Bujumbura iko upande wa pili wa mgongo wa milima unaotenga bonde la Nile na lile la Kongo, na mvua inayonyesha Buhinyuza haifiki Tanganyika.