Nani alimuua Kapteni Alex, na nani alimfuta?

Haya wadau, leo tuache mambo ya programu na seva kidogo, tuongee sinema. Wanaokuja hapa kwa ajili ya kompyuta wasikimbie, kisa chenyewe kimelalia kwenye diski.

Wengi mmeshaiona Who Killed Captain Alex? ya Uganda, ile ya mwaka 2010. Aliyeiandika, akaipiga na kuihariri ni Nabwana Isaac, maarufu kama Nabwana IGG, huko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Kampala. Bajeti yake inatajwa kuwa chini ya dola 200. Inaanza kama picha ya kijeshi: Kapteni Alex anatumwa kuwasaka majambazi wa Tiger Mafia. Alex anauawa, basi unadhani sasa ni picha ya upelelezi. Hapana. Anaingia ndugu yake, Bruce U, mtawa wa Shaolin wa Kiganda, na mateke yanaanza. Kisha helikopta inaishambulia Kampala. Hadi mwisho muuaji hajulikani, na juu ya yote hayo kuna mtu anapiga kelele na kuchekesha kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wazungu walipoiona walishangaa mchanganyiko huo. Mtu aliyekulia Garsen hashangai sana. Kwenye kibanda cha video, jenereta ikinguruma nje, jioni moja ulipata komando wa Marekani, kung fu ya Hong Kong na Mhindi anayeimba mvuani kabla ya kupigana na watu kumi. Hakuna aliyetuambia kwamba hizo ni aina tatu za sinema. Zilikuwa "picha", basi. Kwangu mimi, Nabwana alitengeneza jioni nzima ya kibandani katika filamu moja.

Sasa vifaa. Nabwana alikuwa mfyatua matofali, na alijifunza kuunda kompyuta kwa vipuri vilivyotumika. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, baadaye wakatumia rangi ya chakula ndani ya kondomu. Helikopta na milipuko ilitengenezwa kwenye kompyuta hiyohiyo, katika mtaa ambao umeme ulikatika ulipotaka. DVD waliziuza waigizaji wenyewe, nyumba kwa nyumba, wakishindana na wezi wa kazi za watu.

Halafu diski ikajaa. Piga hesabu mwenyewe: video ya DV, mfumo uliotumika sana miaka ile, hula takriban GB 13 kwa saa moja. Weka saa kadhaa za kurekodi, weka na milipuko. Nabwana alihitaji nafasi ya filamu inayofuata, kwa hiyo akaifuta kazi ya asili. Mimi simlaumu. Aliyekuwa akiishi kwa filamu inayokuja angefanya nini na ile iliyokwisha kuuzwa?

Kilichobaki ni nakala ya DVD iliyobanwa, yenye sauti ya VJ Emmie. Ile isiyo na sauti yake haipo tena. Nakala hiyo ndiyo iliyowekwa YouTube mwaka 2015 ikatazamwa mara mamilioni. Wapo wanaosikitika kwamba kelele zake zimefunika filamu. Mimi naona kinyume. VJ, yaani mtu anayetafsiri na kutania juu ya picha, ni sehemu ya sinema yetu. Uganda wana VJ wao, Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya tuna DJ Afro. Kwenye mji kama Garsen, Mpokomo, Muorma na mtu wa bara waliokaa benchi moja hawakuhitaji kujua Kikantoni wala Kiingereza. Kiswahili cha msimulizi kiliwatosha.

Sasa njooni kwetu. Picha za kung fu zenyewe hazitapotea, zina wenyewe. Lakini masimulizi ya Kiswahili yaliyochomwa kwenye VCD na kuuzwa bei ya chai yako wapi? Eneo la chini la Mto Tana lilipata mafuriko makubwa mwaka 2018, tena mwishoni mwa 2023, tena 2024. Maji yakiingia nyumbani, mtu huokoa watoto, godoro na mahindi. Hakuna anayeokoa mfuko wa diski.

Nimeanza kukusanya zilizosalia. Ukifungua VCD kwenye kompyuta, tafuta folda ya MPEGAV, humo mna AVSEQ01.DAT. Hiyo ndiyo picha yenyewe, MPEG-1 ya 352 kwa 288. Ubaya wa VCD ni kwamba sehemu za video hazina ile kinga ya ziada ya kurekebisha makosa iliyo kwenye CD za data. Nafasi yake ilitumiwa kuongeza video. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo tu huigandisha picha. Kunakili kwa kawaida kukigoma, jaribu vcdxrip iliyo ndani ya VCDImager, na ukiweza badilisha kisomeo, kwani vingine husoma diski mbovu kuliko vingine.

Diski yenye tope usiisugue kavu. Isuuze kwa maji safi, iache ikauke kivulini, kisha ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Na kama ni ya msimulizi wa Kiswahili, niandikie kabla hujaitundika shambani kufukuzia ndege.