Kiporo cha pilau ya sikukuu kisikulaze hospitali

Krismasi au Idi, sufuria la pilau hukaa jikoni tangu mchana mpaka usiku, mgeni akiingia anapakuliwa. Hapo ndipo matumbo huharibika.

Mchele huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukiachwa nje, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayotapisha. Kupasha moto hakuondoi sumu hiyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Kinachobaki kigawanywe kwenye vyombo vidogo kipoe haraka, kisha kiingie kwenye friji, chini ya nyuzijoto 5. Kikitolewa, kipashwe mpaka kifuke mvuke.

Hakuna friji? Pilau ipikwe ya kuisha siku hiyohiyo.