Kwa nini Garissa tunasema "naenda Kenya"

Kwetu Garissa, mzee akipanda basi kuja Nairobi anasema "naenda Kenya." Nikisema hivyo huku mnacheka. Lakini hiyo si utani, ni historia.

Mwaka 1934 wakoloni walipitisha sheria ya wilaya maalum. Kaskazini yote ilikuwa imefungwa: kuingia pasi, kutoka pasi. 1962 tume ya Waingereza ilikuja kuuliza watu wanataka nini, na wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Hawakusikilizwa. Uhuru ulikuja 12 Desemba 1963. Tarehe 28 mwezi huo huo, sisi tukatangaziwa hali ya hatari. Vita vya Shifta viliisha 1967, lakini zile sheria za hali ya hatari zilikaa hadi 1991. Kabla hazijaondolewa, mwaka 1989, serikali iliamuru Wakenya Wasomali wenye umri wa zaidi ya miaka 18 wapigwe msasa. Ukipita, unapewa kadi ya rangi ya waridi.

Sasa, shuleni tulifunzwa utamaduni ni ngoma, chakula na mavazi, na ati Kenya ni nzuri kwa sababu tuko makabila zaidi ya arobaini. Sawa. Lakini mimi utamaduni nilifunzwa na babu. Jioni alinikalisha nitaje majina: baba yangu, baba yake, babu yake, hadi juu kabisa. Sisi tunaita abtirsi. Nikikosea narudia. Nikimaliza napewa chai ya maziwa, najiona mtu.

Nilipofika 18 nikaenda kuomba kitambulisho. Nikawekwa mbele ya kamati, na wakaniuliza majina yale yale. Safari hii mikono ilikuwa inatetemeka. Baadaye chuoni, kabla sijaacha, niliyekuwa naishi naye chumba kimoja, mtu wa Kiambu, aliniambia yeye hakuna aliyemuuliza babu wa babu yake ni nani. Kitu kile kile: kwa babu ni fahari, kwa kamati ni ushahidi.

Lakini tusijifanye watakatifu. Garissa si ya Wasomali peke yetu. Wamunyoyaya wamelima kando ya Tana tangu zamani. Kuna Wapokomo, kuna Wameru wa miraa, kuna Wakamba. Na sisi watu wa bara tunawaita "nywele ngumu," tunacheka. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mkamba wa Mwingi, na jina hilo alilisikia kila siku. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini, wakaua watu 148. Muhula ulipofunguliwa, mwalimu hakurudi. Simlaumu. Ila najiuliza, tungekuwa tumemfanya mtu wa kwetu, angerudi?

Desemba mwaka huo huo, karibu na El Wak, basi la kwenda Mandera lilisimamishwa. Magaidi wakataka Waislamu na Wakristo watengane. Abiria walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah aligoma kutengana na wenzake, akapigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Hijabu ni vazi letu, liko kwenye kila picha ya "utamaduni wa Wasomali." Siku hiyo halikuwa alama ya nani ni wetu na nani si wetu. Lilikuwa mahali pa mtu mwingine kujificha. Hiyo ndiyo maana ya tofauti zetu ninayoikubali mimi.

Februari 2025 serikali ilitangaza kuondoa ule msasa wa vitambulisho. Poa. Mdogo wangu anafika 18 hivi karibuni, tutaona. Na nyumbani nimeacha kusema "nywele ngumu." Wewe kwenu mnawaitaje wageni? Niambie ukweli.