Kuponya Mto Kapingazi

Mto Kapingazi hutoka katika misitu ya Mlima Kenya, hupita kati ya mashamba ya chai na kahawa ya Embu, kisha huungana na Mto Rupingazi. Watu walipolima mpaka ukingoni, mvua ilichukua udongo, kingo zikabomoka, na tope likateremka kuelekea bwawa la Kamburu katika Mto Tana.

Ugonjwa huu si mpya. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwashurutisha wenyeji wa Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulikuwa na Embu na Meru ndani yake, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kazi yenyewe ilikuwa na maana, lakini shuruti iliwachukiza watu. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a waliikataa.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilifuata njia nyingine: watumiaji wa mto waliruhusiwa kuunda vyama vyao. Kuanzia mwaka 2004 mradi wa serikali ulivisaidia vyama hivyo katika Kapingazi, na pia katika Kathita wa Meru. Wanachama huacha ukanda wa ukingoni bila kuulima, hung'oa mikalitusi inywayo maji mengi, na kupanda mianzi, miti ya asili na majani ya tembo. Mizizi huushika udongo, na majani hupunguza mbio za maji.

Tazama basi, msomaji: mteremko ni ule ule, na jembe ni lile lile. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye jembe aliulizwa kwanza.